UZI: Kansere ya uke wa nje imerudi kwa mama mdogo (tezi ya Bartholin). Waliopitia haya, njooni tuongee

Binti_Nyawera
Habari za jioni wakubwa na wadogo. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila nikitafuta kwa Kiswahili naletewa mambo ya mlango wa kizazi, na ugonjwa wa mama mdogo si wa huko. Wa kwake uko nje, kwenye shavu la uke upande wa kushoto.

Alianza na maumivu ya kuchoma, uvimbe haukuwepo. Uvimbe ulikuja baadaye sana. Kituo kimoja cha afya hapa mjini kilisema ni jipu la tezi ya Bartholin, ile tezi ndogo iliyo kando ya mlango wa uke, wakapasua, wakampa antibiotiki. Usaha haukutoka. Ukajaa tena, wakapasua tena. Mwishowe akafika kwa muganga wa upasuaji, ukatolewa wote, kipande kikatumwa anapat, maabara inayopima vipande vya mwili kwa darubini. Karatasi ninayo hapa: karsinoma ya adenoidi kistiki ya tezi ya Bartholin. Chini yake wameandika kwamba kingo zimeguswa, na kwamba kansere imefuata mishipa ya fahamu. Hakuna aliyetueleza mistari hiyo miwili. Kidonda kilipona, akarudi soko la Kadutu kuuza unga wake.

Sasa maumivu yale yale yamerudi na kuna kitu kigumu chini ya kovu. Ana miaka 54. Binamu zangu wawili wanataka akatwe kesho, wa tatu anasema aachwe apumzike. Maswali: ikirudi ndiyo basi? Akatwe tena, apewe mionzi, au shimio, zile dawa za kuua kansere? Na wapi, kwa sisi wa Bukavu? Msinijibu kwa maombi peke yake, maombi tunayo.

Mutoto_wa_Kadutu
Pole sana dada. Ule ugonjwa ukiisha guswa na chuma unakasirika, njo vile. Kuko muzee mu Walungu anapika mizizi, batu benye opital zilishindwa banapona kwake. Nikutumie namba?

Nesi_wa_Bagira
Kaka, hiyo namba baki nayo. Hilo la chuma kuikasirisha kansere nimelisikia wodini tangu naanza kazi, na najua linakotoka: mtu anakatwa, mabaki yanakaa ndani, uvimbe unarudi, lawama anabeba kisu. Karatasi ya mama mdogo imeandika kwamba kingo zimeguswa. Maana yake, pale kisu kilipopita seli za kansere zilikuwepo hadi ukingoni, kwa hiyo huenda nyingine zilibaki upande wa pili. Haikukasirika, haikuisha. Na dawa za kupaka zinaunguza ile ngozi laini. Atakayempima baadaye atakuta donda kubwa, asijue lipi la kansere na lipi la muzee.

Dada Binti, pole kwa safari yote hiyo. Nianze na aina, maana watu wakisikia "kansere ya huko" wanadhani ni ugonjwa mmoja. Katika wanawake 10 wenye kansere ya uke wa nje, 8 au 9 wana ile ya seli bapa za ngozi. Inayozaliwa kwenye tezi ya Bartholin ni takriban 5 kati ya 100, na hiyo adenoidi kistiki ni kipande kidogo tu cha hao 5. Kansere za uke wa nje zote kwa jumla, dunia nzima, ni zaidi ya 45,000 kwa mwaka. Za mlango wa kizazi zinapita 600,000. Ndiyo maana ukitafuta unaletewa za mlango wa kizazi. Hata waganga wengi watastaafu bila kuiona ya mama mdogo.

Tabia yake: inakua polepole na inatambaa kando ya mishipa ya fahamu kama siafu wanaofuata ukingo wa ukuta. Ndiyo sababu alihisi kuchoma kabla hajaona uvimbe. Na ndiyo sababu kingo zinaponyoka: muganga anakata anachokiona na kukishika, wakati yenyewe imeshatangulia mbele. Inapenda kurudi palepale, hata baada ya miaka mingi. Ikisafiri mbali, mara nyingi inaenda mapafuni.

Na hili niwaambie wote wanaosoma kimyakimya, maana najua mko wengi. Msichana wa miaka 25 akivimba tezi ya Bartholin, karibu kila mara ni kifuko au jipu la kawaida. Mwanamke aliyepita miaka 40 akivimba hapo kwa mara ya kwanza, kipande kikatwe kipimwe. Na uvimbe uliopasuliwa ukakosa usaha, kisha ukarudi, usipasuliwe tena bila kipande kwenda anapat. Umri wowote.

Binti_Nyawera
Asante sana dada nesi. Nimesoma nikiwa nimekaa chini. Kwa hiyo inaweza kuwa tayari iko mapafuni? Na kama iko huko, bado kuna sababu ya kumkata?

Docta_wa_Zamu
Naomba nichangie. Nasomea utaalamu wa magonjwa ya wanawake. Simtibu mama kupitia simu, aliyemshika na kumwona ndiye mwenye neno. Ila naweza kukueleza mpangilio wa mambo ili mkienda muulize yanayotakiwa.

La kwanza ni kipande kipya kutoka kwenye hicho kitu kigumu. Msikubali mtu aseme "imerudi" kwa kushika tu. Kovu lenyewe linaweza kujikusanya, uzi wa kushonea unaweza kutengeneza kinundu, mshipa wa fahamu uliokatwa unaweza kuota kifundo kinachouma. Kwa historia yake nami nahofia kansere, lakini upasuaji mkubwa haufanywi kwa hofu.

La pili ni picha. IRM ya nyonga, ile picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoonyesha vizuri imefika wapi na kama imefuata mshipa kwenda ndani. Isipopatikana, skana. Kifua lazima kipigwe, kwa skana kuliko radio (eksirei) ya kawaida, maana vinundu vidogo radio haivioni. Binamu zako wanaotaka akatwe kesho, waambie picha kwanza.

Sasa ulichouliza. Kama iko palepale tu, njia ya kwanza ni kukata tena, kwa upana zaidi ya mara ya kwanza, na baadaye mionzi, kwa kuwa aina hii inafuata mishipa ya fahamu na kingo zake ni ngumu kusafika. Kwa maelezo yako hajawahi kupigwa mionzi. Hiyo ni silaha ambayo bado haijatumika, na nyonga iliyokwisha kupata dozi kamili mara nyingi haiwezi kupewa nyingine. Muulize muganga swali hili hili: "Mionzi itakuwa baada ya upasuaji, na ni nani atakayeipanga?" Upasuaji wa pili usiokuwa na jibu la swali hilo una hatari ya kuwa marudio ya ule wa kwanza.

Kama imegusa njia ya haja kubwa au kibofu, kuna upasuaji wa kutoa viungo hivyo na kumwekea mtu mfuko wa tumboni. Ni mzito. Unafanyiwa watu waliochaguliwa vizuri, wenye nguvu, ambao kansere yao haijasafiri. Sisemi atahitaji, nasema mkisikia limetajwa msikimbie wala msikubali siku hiyo hiyo.

Shimio kwa adenoidi kistiki haifanyi kazi kubwa. Inahifadhiwa kwa yule ambaye kansere yake imesambaa na anazidiwa. Mtu akiwaambia aanze shimio kabla ya kipande na kabla ya picha, ombeni maoni ya pili.

Na mapafu: katika aina hii vinundu vya mapafu vinaweza kukaa miaka bila kumsumbua mwenyewe. Kwa hiyo hata vikionekana, kutoa kinachomuuma chini au kukipiga mionzi bado kuna maana, kwa sababu atakaa, atatembea, atalala usiku. Swali la "ndiyo basi?" kwa aina hii halijibiwi kwa ndiyo au hapana ya leo.

Safari_ya_Ruzizi
Swali la wapi nitalijibu mimi, nimesindikiza ndugu. Kukatwa na kupimwa anzeni hapahapa. Watu wanafikiri Panzi ni ya fistula peke yake kwa sababu ya Docta Mukwege na Nobel ya 2018, lakini ile hospitali tangu 1999 ilianza kwa akina mama na upasuaji wao, idara ya magonjwa ya wanawake ipo na inapokea wagonjwa wa kila aina. Hospitali Kuu ya Mkoa nayo ina wapasuaji.

Mionzi hapa kwetu hakuna. Waliotoka Bukavu wengi wanavuka mto Ruzizi kwenda Rwanda, mjini Kigali, hospitali ya kijeshi ya Kanombe, ambako mionzi ilianza kutolewa 2019. Kituo cha kansere cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilifunguliwa 2012 na wengi wanakijua kwa shimio, lakini ukiandikiwa mionzi, safari yako ni ya Kigali. Wengine wanaenda Kampala, Mulago. Mashine yao ya zamani ilikufa 2016 watu wakahangaika, sasa wana mpya.

Tahadhari ya pesa: mionzi ni siku 5 kwa wiki, wiki 5 hadi 7, na kila siku ni dakika chache tu. Kwa hiyo kinachowamaliza watu ni chumba na chakula. Tafuteni pa kulala kabla ya kutafuta mashine. Jeto, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, inakuishia Rusizi, kwenda Kigali aulize DGM, ofisi ya uhamiaji, mapema habari ya paspoti au laisee-pasee. Na ile barabara ya Nyungwe ina kona mpaka unachoka. Mtu mwenye kidonda huko chini asikae kwenye kiti kitupu, abebe mto au kitenge kilichokunjwa, na basi likisimama ashuke atembee.

Mwalimu_Ibanda
Naomba radhi kuingilia uzi wa dada, lakini pengine litawafaa na wengine. Mke wangu yake ilikuwa ile ya seli bapa. Alikatwa, tukaambiwa kingo safi. Baada ya muda akapata kidonda kidogo upande wa pili, akakatwa tena, yuko mzima na anafundisha. Jirani yetu alikuwa na hiyo hiyo, yake ikarudi kwenye mtoki, pale kwenye kinena, hakumaliza mwaka. Ugonjwa mmoja, opital moja. Nimejiuliza sana. Docta, nini kiliwatofautisha?

Docta_wa_Zamu
Mwalimu, swali lako ndilo ningependa kila familia iulize. Kwa kansere ya seli bapa, "imerudi" ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni imerudi wapi.

Ikirudi kwenye ngozi ya uke wa nje, wengi bado wanaokolewa kwa kukatwa tena. Na inarudi mara nyingi kuliko watu wanavyoambiwa: wanawake waliofuatiliwa miaka 10 kule Ulaya, baada ya upasuaji mzuri, karibu 4 kati ya 10 walipata tena ugonjwa kwenye ngozi. Baadhi yao, nadhani hata mkeo, hiyo ya pili ni mpya kabisa iliyozaliwa kwenye ngozi ileile iliyo dhaifu. Kidonda cha upande wa pili kinanifanya nifikirie hivyo.

Ikirudi kwenye tezi za mtoki ni jambo jingine. Hapo wanaopona ni wachache sana, na kwa kawaida inatokea mapema, ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa hiyo mtoki hauchezewi katika upasuaji wa kwanza. Kansere iliyochimba ndani zaidi ya milimita 1, tezi za mtoki zichunguzwe wakati huohuo hata kama mkono hauhisi kitu. Ambayo haijapita milimita 1 na haizidi sentimita 2, tezi zinaachwa. Milimita 1 hiyo inapimwa na mtu wa anapat. Ndiyo sababu karatasi isiyoandika kina cha kansere nairudisha, naomba waandike.

Zamani, tangu enzi za Basset wa Ufaransa mwaka 1912, walikuwa wanatoa vyote kwa pamoja, uke wote wa nje na mitoki yote miwili katika mkato mmoja mkubwa. Watu walipona kansere wakabaki na vidonda visivyofunga kwa miezi. Leo mitoki inafunguliwa kwa mikato yake tofauti, na mahali penye vifaa wanadunga rangi na dawa ya mionzi kidogo, wanafuata tezi ya kwanza inayoipokea, wanaitoa hiyo tu. Ikiwa safi, zilizobaki zinaachwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba ni salama kwa mwenye uvimbe mmoja, chini ya sentimita 4, na mtoki ambao mkono hauhisi kitu. Pasipo vifaa hivyo, tezi zitolewe zote. Kuziacha kwa kuhurumia mguu ni huruma inayoua.

Zikikutwa tezi 2 au zaidi zina kansere, au moja ambayo kansere imetoboa ganda lake, mionzi ya mtoki na nyonga inafuata. Mara nyingi inaambatana na sisplatini, dawa ya shimio, mara moja kwa wiki.

Ya jirani yenu sijui, sikuona faili. Lakini ungeniruhusu niulize swali moja tu kuhusu upasuaji wake wa kwanza, ningeuliza kama mtoki uliguswa.

Mwalimu_Ibanda
Haukuguswa. Asante docta.

Mama_Labotte
Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Yangu inaitwa ugonjwa wa Paget wa uke wa nje. Ngozi inakuwa nyekundu na madoa meupe juu, inawasha mpaka unataka kulia. Miaka mingi niliambiwa ni fangasi. Pomada za fangasi nimezipaka zote zilizoko mu mji huu. Mume akaambiwa naye apake. Mwishoe daktari mmoja msichana akasema mama, kitu kisichosikia dawa hakiitwi fangasi, akakata kipande kidogo kwa ganzi, mara moja tu, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Nawaambia wanaoogopa kurudi: yangu inarudi. Imekatwa, ikarudi. Inarudi hata kingo zikiwa safi, nimeelezwa kwamba inajificha kwenye ngozi inayoonekana nzima. Kwa hiyo sasa muganga hanikati kila mara, maana angeendelea hivyo ningebaki na nini. Nimepata pomada ya imikwimodi iliyotoka nje. Inaunguza, inabidi upumzike siku kadhaa kisha unaendelea, lakini imetuliza. Kila ninapoenda wananiangalia kama haijaanza kuchimba chini, na mara nyingine wanakata kipande.

Walinipima pia titi, kibofu na utumbo, kwa sababu Paget wakati mwingine inatembea na kansere nyingine iliyojificha. Kwangu hawakukuta. Mwenye Paget ambaye hakupimwa hivyo, aulize.

Birere_Goma
Salamu kutoka Goma. Kwa yaya wangu ilikuwa alama nyeusi kwenye shavu la ndani. Alisema amezaliwa nayo, hakuna aliyebisha, nani angebisha? Ilipoanza kutoka damu ndipo tukajua. Melanoma, kansere ya seli za rangi ya ngozi. Mimi nilikuwa nafikiri hiyo ni ya wazungu na jua. Kumbe kuna inayotokea mahali ambapo jua halifiki kabisa. Docta naomba uwaeleze wengine maana hili halisemwi.

Docta_wa_Zamu
Pole kwa yaya. Ni kweli, melanoma ya uke wa nje haitokani na jua, na ndiyo inayofuata kwa wingi baada ya seli bapa. Alama nyeusi huko chini kwa wanawake weusi ni nyingi na karibu zote hazina neno, kwa hiyo watu wasikimbie opital usiku huu. Ninayoitilia shaka ni iliyobadilika: imekua, rangi zimechanganyika, kingo hazieleweki, inatoka damu, au imeanza mtu akiwa mzima. Hiyo itolewe na kupimwa.

Kinachoamua hapa ni unene wake kwa milimita. Wapasuaji waliwahi kutoa uke wote wa nje wakidhani wanaokoa. Haikuongeza maisha ya mtu. Sasa inakatwa kwa ukingo wa sentimita 1 hadi 2 kulingana na unene, na tezi za mtoki zinaangaliwa. Inarudi kwa wepesi na inasafiri mbali. Mionzi haiisaidii sana na shimio la kawaida pia. Dawa zilizobadilisha mambo ni zile za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumabu na nivolumabu, na kwa wachache wenye badiliko la jini liitwalo KIT kuna vidonge. Bei yake kwa familia ya kawaida ya Goma haisemeki, sitadanganya. Lakini kuna mahali wanaandikisha wagonjwa kwenye majaribio ya dawa au misaada, kwa hiyo kipande chake kihifadhiwe.

Mutoto_wa_Kadutu
Sawa nimesikia. Lakini docta, hizi kansere zinatokea wapi? Kwetu banasema ni ya benye walitembea sana.

Nesi_wa_Bagira
Hili nitalijibu mimi, docta apumzike, maana ndilo linalowafunga akina mama midomo.

Kansere ya seli bapa ina njia mbili. Moja ni virusi vya papiloma, HPV, ambavyo karibu kila aliyewahi kulala na mtu amekutana navyo, mke wa ndoa moja akiwemo. Kwa mwenye VVU vinakaa zaidi na kansere inakuja mapema, na sigara inazidisha. Wenzetu wa Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, walianza kuwachanja wasichana wao dhidi ya virusi hivyo 2011. Njia ya pili haihusiani na kulala na mtu yeyote: ni ngozi iliyougua kwa miaka, hasa ugonjwa uitwao likeni sklerosi, ngozi inakuwa nyeupe, nyembamba, inawasha, mashavu yanasinyaa. Huo unawapata hasa bibi zetu. Bibi wa miaka 75 anayejikuna kila usiku ametembea wapi?

Ya mama mdogo ya tezi ya Bartholin haihesabiwi kwenye papiloma. Paget vilevile, melanoma vilevile. Kwa hiyo majirani wa Kadutu wanyamaze.

Mume_Kimya
Nimesoma yote. Mimi naona aibu kuuliza lakini hapa hamnijui. Mke wangu alitolewa tezi za mitoki yote miwili. Mguu wa kulia unavimba kama si wake. Mkojo unamwagika pembeni. Na ya chumbani… anasema nimwache. Namwacha. Lakini je, ndiyo itakuwa hivi?

Nesi_wa_Bagira
Kaka yangu, umefanya vizuri kuuliza, na asome naye.

Mguu: tezi zilikuwa zinapitisha maji, zimetolewa, maji yanakosa njia. Hayaishi kabisa lakini yanapunguzwa. Mguu uinuliwe akilala, kukandwa taratibu kutoka chini kwenda juu, bandeji ya kubana ifungwe asubuhi kabla hajashuka kitandani. Ngozi ipakwe mafuta isipasuke. Asiende shambani miguu mitupu, asichomwe sindano mguu huo, kucha akatwe kwa uangalifu. Siku mguu ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda ghafla, ni maambukizi. Apate antibiotiki siku hiyohiyo, asingoje kesho. Kila maambukizi moja yanaongeza uvimbe wa kudumu. Na uvimbe ukianza ghafla mguu mmoja baada ya muda mrefu wa utulivu, apimwe, inaweza kuwa damu iliyoganda au kansere kwenye mtoki.

Mkojo: ngozi ya pembeni ya tundu ikitolewa, mkojo unapoteza mwelekeo. Achuchumae akiinama mbele kidogo. Wengine wanatumia kikombe kidogo cha plastiki kilichokatwa.

Ya chumbani: kovu linabana na linauma, si kwamba amekuchoka. Mafuta ya kulainisha yapo, vifaa vya kupanua taratibu vipo, na muganga anaweza kulegeza kovu. Lakini kabla ya vyote hivyo, wanawake wengi niliowauguza walikuwa wanaogopa mume aangalie. Uliza kama anaruhusu umsaidie kufunga bandeji. Anzieni mguuni.

Mume_Kimya
Asante dada.

Binti_Nyawera
Narudi na habari. Muganga amekata kipande kipya, kimeenda anapat. Skana ya kifua na nyonga amepangiwa. Nilimuuliza lile swali la mionzi nani ataipanga, akaniangalia akacheka kidogo, akasema "umesoma wapi?" Kisha akaandika barua ya Kigali palepale, ili wajibu kabla ya upasuaji. Binamu wa tatu bado hataki, lakini mama mdogo mwenyewe ametaka, na mwili ni wake.

Swali la mwisho: Kigali wameomba "bloku" ya upasuaji wa kwanza. Ndiyo kitu gani?

Docta_wa_Zamu
Ni kile kipande chenyewe, kimefunikwa kwa nta, maabara ya anapat inakihifadhi. Nendeni na karatasi ya zamani yenye namba ya maabara, ombeni bloku pamoja na vioo vyake vya darubini, mtasaini mkabidhiwe. Wataalamu wa Kigali watavisoma upya na kulinganisha na kipande cha sasa, maana adenoidi kistiki inafanana na vitu vingine chini ya darubini na isomwe na zaidi ya mtu mmoja. Msikiweke juani wala karibu na jiko, nta inayeyuka. Na nakala za karatasi zote zipigwe picha kwa simu mbili tofauti.

Baada ya matibabu, aonekane kila miezi 3 au 4 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi wa tano, halafu kila mwaka bila kikomo. Kwa aina yake kifua nacho kiangaliwe mara kwa mara. Nyumbani, kioo kidogo mara moja kwa mwezi, na mkono upitishwe juu ya kovu. Maumivu mapya yakianza ayaseme hata kama hakuna kinachoonekana.

Bibi_Cimpunda_Mjukuu
Shikamoo wote. Nasoma kwa ajili ya bibi. Ana ile ngozi nyeupe mliyosema, anajikuna usiku, ana miaka 70 na kitu. Tayari ni kansere?

Nesi_wa_Bagira
Marahaba. Wengi wenye likeni hawapati kansere, ila aangaliwe. Kama hakuna kidonda wala kigumu, dawa yake ni pomada ya klobetasoli: kila usiku kwa mwezi, kisha usiku mmoja ndiyo mmoja hapana kwa mwezi, kisha mara mbili kwa wiki, na asiiache hata muwasho ukiisha. Kiasi kidogo tu, cha kufunika ncha ya kidole. Australia walifuatilia wanawake 507 wenye likeni, matokeo yakatoka 2015: waliopaka kama walivyoelekezwa hakuna aliyepata kansere wala hatua yake ya awali, kati ya waliopaka ovyo 7 walipata. Sabuni ya kunukia aache.

Akiwa na sehemu iliyochubuka isiyopona, au iliyogeuka kuwa ngumu, pomada isubiri, kwanza kipande. Mlete asubuhi, na asipake kitu chochote siku hiyo ili ngozi ionekane ilivyo.